Steji Mbili: Jinsi ya Kuanzisha Kikundi cha Maigizo cha Vijana Mtaani

Nairobi, ukimwambia kijana "tukutane steji", atakwenda kukungoja pale matatu zinapopakia. Ile steji nyingine, yenye pazia na taa, wengi hawajaiona kwa macho yao, ingawa shuleni wanakremu tamthilia nzima kwa ajili ya mtihani wa Fasihi. Mwongozo huu ni wa yeyote anayetaka kuwavusha kutoka steji ya kwanza hadi ya pili: mwalimu, kiongozi wa vijana kanisani au msikitini, dada mkubwa wa ploti, mtu yeyote mwenye Jumamosi alasiri na subira.

Nimeifanya kazi hii Eastlands kwa miaka kadhaa, na kuna jambo moja ambalo nimebadilisha mawazo kabisa. Zamani nilidhani kinachomkuza kijana ni onyesho: makofi, picha, wazazi wamesimama nyuma ya ukumbi. Siku hizi naona onyesho ni kama siku ya harusi. Ndoa yenyewe ni mazoezi. Ni pale kijana anapofika kwa wakati kwa sababu bila yeye tendo la pili haliendi. Anapomsikiliza mwenzake hadi mwisho ndipo ajibu. Anapokosea mbele ya watu ishirini, kisha wiki inayofuata akarudi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya hatua hizi ni za mazoezi, na utaniwia radhi nikipita mbio kwenye taa na maleba, yaani mavazi ya jukwaani.

Hatua ya 1: Pata mahali kabla hujaita watu

Uliza ukumbi wa kijamii wa kaunti ulio karibu nawe, ukumbi wa kanisa, au darasa la shule ya msingi ambalo Jumamosi hukaa bure. Kumbi za kaunti hutoza ada na huwahiwa na harusi na mikutano, basi weka nafasi mapema na ushike risiti. Paa la ghorofa lisikutamanishe hata kama keyateka ni rafiki yako. Kamba za nguo na ukingo mfupi si mahali pa vijana wanaorukaruka.

Sikiliza mahali hapo kabla ya kulipa. Sisi tulianza kwenye chumba kilichopakana na posho mili. Vijana walipata sauti nzito kwa mwezi mmoja, ila hakuna aliyemsikia mwenzake, na kama utakavyoona, kusikia ndiko tulikokuja kutafuta.

Saa zetu ni nane hadi kumi na moja. Si saa kumi na mbili. Wasichana wanataka kufika nyumbani jua lingalipo, na mama zao wanataka hivyo zaidi.

Hatua ya 2: Nenda nyumbani kwao

Usitume fomu. Nenda mwenyewe, jioni, ukasimame mlangoni ama kibandani. Mama mmoja anayeuza mboga alinisikiliza dakika kumi nzima bila kuacha kukata sukuma, halafu akauliza:

"Sasa mwalimu, hii drama itamlipia karo?"

"Hapana, mama. Haitamlipia karo."

"Haya. Itampa nini?"

"Kila Jumamosi, saa nane hadi saa kumi na moja, utajua yuko wapi na yuko na nani. Hilo nakuahidi leo. Mengine utaniambia wewe mwenyewe baada ya miezi mitatu."

Akafunga mfuko, akamkabidhi mteja, akanigeukia. "Basi akirudi saa moja, nitakayemtafuta ni wewe, si yeye."

Hayo ndiyo makubaliano mazuri kuliko fomu yoyote, ingawa fomu ya ruhusa bado utaitaka, imetiwa sahihi, kwa kila aliye chini ya miaka 18. Mzazi akikuambia masomo kwanza, usibishane naye, kwa sababu ana haki. Mkumbushe tu kwamba tamthilia ni kitabu teule katika karatasi ya tatu ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, na kwamba katika mtaala mpya, gredi ya 10 iliyoanza Januari 2026 ina mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo uliosimama bega kwa bega na ule wa sayansi na hesabu. Usimwahidi nyota wa televisheni. Wazazi wa Nairobi wameshaahidiwa vitu vingi.

Hatua ya 3: Usifanye usaili

Hapa ndipo vikundi vingi vinapopotea njia. Wanapanga vijana mstari, wanawapa shairi wasome, wanachukua wenye sauti na kuwarudisha wengine nyumbani. Maana yake umechukua waliokwisha kukua, ukawafukuza waliokuja kukua.

Chukua wa kwanza kufika, hadi ishirini, kisha funga mlango. Kikundi kina kazi nyingi kuliko waigizaji: mpiga ngoma, wa maleba, wa kupanga viti, wa kuandika, na yule anayeshika mswada pembeni kumkumbusha aliyesahau maneno. Kila mtu afanye mazoezi yote ya mwili na sauti, hata kama hataki kamwe kusimama mbele ya watu.

Tulikuwa na msichana wa kidato cha pili aliyeomba kazi ya mswada, na katika miezi minane hakuwahi kukubali nafasi ya kuigiza. Nilimshawishi mara mbili, akakataa, nikaacha. Siku moja mama yake akanisimamisha njiani. Walikuwa ndani ya matatu, makanga amekalia chenji yao ya shilingi hamsini na anajifanya hasikii. Mama alikuwa amekwisha kusamehe. Binti akasema, bila kupiga kelele wala kugeuka, "Naomba chenji yetu," na gari lote likanyamaza.

"Mwalimu, sijui ile sauti aliitoa wapi."

Mimi nilijua. Aliitoa kwenye ukuta wa nyuma wa ukumbi wetu, mita kumi na tano kutoka mahali nilipokuwa nasimama. Nitakueleza zoezi lenyewe kwenye hatua ya tano.

Hatua ya 4: Kanuni chache zisizojadiliwa

Watu wazima wawili muda wote, mmoja awe mwanamke. Hakuna mtu mzima kubaki peke yake na kijana mmoja chumbani, na hilo linakuhusu wewe kwanza. Simu kapuni saa nane, zinatoka saa kumi na moja. Hakuna kumpiga picha mtu na kuiweka mtandaoni bila idhini yake na ya mzazi. Kijana akikueleza kwamba anaumizwa nyumbani au shuleni, msikilize, usimhoji kama askari, wala usimwahidi siri. Piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto, au mfikie afisa wa watoto wa eneo lenu.

Weka daftari. Kila Jumamosi andika waliokuja, saa waliyofika, na jambo moja uliloliona kwa watu watatu tofauti. "Leo alimwachia mwenzake kiti." "Leo alicheka alipokosea." Miezi sita baadaye daftari hilo litakuonyesha mabadiliko ambayo macho yako hayakuyaona, kwa sababu ulikuwa nao kila wiki.

Hatua ya 5: Wiki nne bila mswada

Watakuuliza siku ya kwanza: "Mwalimu, tunaigiza nini?" Jibu: hakuna, bado. Wengine watanuna. Waache wanune huku wakicheza michezo hii.

*Hesabu hadi ishirini.* Wanasimama duara, macho chini. Mtu yeyote aseme moja, mwingine yeyote aseme mbili, bila zamu wala ishara. Wawili wakisema pamoja, mnaanza upya. Kikundi chetu cha kwanza kilikaa nusu saa bila kuvuka saba. Wenye haraka walikuwa wanasema kila namba, wapole hawasemi kitu, na lawama zikawa zinaruka huku na huku. Usiwasaidie. Wiki ya tatu, bila mtu kuelekeza, wenye haraka walianza kuvuta pumzi na kungoja, na sauti ambazo sikuwa nimewahi kuzisikia zikaanza kuchukua namba. Walipofika ishirini walipiga kelele hadi mlinzi akaja kuchungulia.

*Shukisha.* Huu ni wetu wa Nairobi. Kundi zima linakuwa matatu: wengine muziki, wengine injini, wengine honi, wote kwa midomo. Dereva anasimama mwisho wa ukumbi, amewapa mgongo. Abiria mmoja, kutoka ukuta wa nyuma, lazima amfanye asimame kwa maneno mawili tu: "Shukisha hapo." Atakayepiga kelele kooni atakwaruzika sauti na dereva hatamsikia. Mwambie aweke mkono tumboni, avute hewa mpaka mkono usogee, kisha aitume sauti kwa mtu mmoja, yule dereva, si kwa chumba kizima. Ukiona dereva amegeuka kabla hajaelewa kwa nini, ujue imefika. Wengi watacheka mara ya kwanza. Mara ya kumi hakuna anayecheka.

*Karata kwenye paji la uso.* Gawa karata moja kwa kila mtu, aishike kwenye paji la uso bila kuiona. Kingi ndiye mkubwa, mbili ndiyo ndogo. Wapo kwenye sherehe, wazunguke na kusalimiana, kila mtu amtendee mwenzake kulingana na karata anayoiona. Baada ya dakika tano, wajipange mstari kutoka mkubwa hadi mdogo kwa kukisia, halafu watazame karata zao. Hukisia sawa karibu wote. Nikamuuliza kijana mmoja aliyekuwa na mbili, "Ulijuaje?"

"Hakuna aliyeniangalia."

Ukumbi ukatulia. Sikuongeza neno, na nakusihi na wewe usiongeze. Tukapanga karata upya, tukarudia, safari hii yeye akapata kwini.

*Kioo.* Wawili wanatazamana, mmoja anasogeza mkono polepole, mwingine anafuata kama kioo. Baada ya dakika mbili mnabadilishana. Baada ya nne hakuna kiongozi. Unaujua, kila mtu anaujua. Ni mzuri bado.

Kati ya michezo na mazoezi ya mwisho, dakika kumi na tano za chai na mandazi. Usiziruke hata bajeti ikiwa imekonda. Wako vijana ambao huo ndio mlo wao wa mchana, nao hawatakuambia.

Hatua ya 6: Tafuta hadithi, lakini uiazime kwa adabu

Hadithi nzuri ziko mtaani: notisi ya kuhama, maji yaliyokatika wiki mbili, shangazi aliyekuja kwa siku tatu akakaa mwaka. Hatari yake ni hiyohiyo, kwamba ziko mtaani.

Mwaka wetu wa kwanza tuliwaambia vijana wasimulie mambo ya kwao, kisha tukachagua moja. Msichana mmoja akatupa hadithi ya baba anayekunywa mshahara. Tulibadilisha majina tu. Siku ya onyesho, majirani wa korido yao walikuwa safu ya pili. Katikati ya tendo, mtu akasema kwa sauti, "Si huyo ni baba nani!" watu wakacheka, na nikamwona yule msichana akiwa jukwaani akikunja mabega kama mtu aliyemwagiwa maji. Alimaliza sehemu yake. Hakurudi tena. Kosa lilikuwa langu, maana mimi ndiye niliyekuwa mtu mzima mle ndani.

Tangu hapo tuna kanuni ya mikono mitatu. Kila mmoja anachora ramani ya mahali anapopajua, ploti au steji au soko, na kutia alama panapotokea mambo. Haulizwi kama yalimtokea yeye. Anamsimulia mwenzake tukio moja. Mwenzake analisimulia kwa mtu wa tatu akiwa amebadilisha kazi ya mhusika, jinsia yake na mahali. Wa tatu analibunia mwisho. Linapofika kwa kikundi, hakuna mtu mwenye hati ya kulimiliki, na bado lina ule ukweli wa kwanza, kama sufuria iliyopikiwa kitunguu. Kijana asiyetaka kusimulia, asisimulie. Maigizo yanaweza kumpa mtu nafuu, lakini wewe si daktari wa akili na Jumamosi si kliniki.

Mkishapata wahusika, mweke kila mmoja kwenye *kiti cha maswali*. Mwigizaji anakaa mbele akiwa ndani ya mhusika, wengine wanamhoji, naye anajibu papo hapo. Tulikuwa na landilodi katili, na kijana aliyemwigiza alimpenda kwa sababu ya makelele. Akaulizwa: "Nyumba hii ulijengaje?" Akasema, "Kwa mkopo." "Umebaki kiasi gani?" Akanyamaza kidogo. "Nikikosa kodi ya nyumba mbili, benki inapiga simu." Hakuna aliyemwandikia hayo. Aliporudi kwenye mazoezi alikuwa amepunguza makelele nusu, na ule ukali uliobaki ulitisha zaidi. Huyo ni mtoto ambaye kwao wamewahi kufungiwa mlango kwa kufuli la landilodi, akiwa amekaa kwenye kiti cha mtu aliyelifunga. Sikumwambia amsamehe mtu. Alitazama tu kutoka upande wa pili.

Hatua ya 7: Andikeni kwa midomo yao

Mswada uandikwe baada ya kuigiza bila maandishi mara nyingi, mmoja akinakili yanayosemwa. Watakuuliza kuhusu lugha. Kiswahili sanifu au Sheng? Jibu langu: mhusika aseme kama anavyosema mtu huyo. Nyanya aliyetoka Mombasa asiongee kama makanga wa matatu namba 58, na mkuu wa shule asiseme "niaje". Kijana anayelazimika kuandika sauti tatu tofauti anajifunza kuvua lugha moja na kuvaa nyingine, na siku atakapoitwa kwenye mahojiano ya kazi hatakwenda akiwa na sauti moja tu mfukoni.

Dakika thelathini hadi arobaini zatosha. Matendo matatu, wahusika wengi wenye sehemu ndogo, kuliko mmoja anayebeba kila kitu. Ukiwa na mhusika mkuu mmoja, siku akihamia Kitengela na familia yake umekwisha. Na watu huhama, hasa mwisho wa mwezi.

Kukariri: wawili wawili, wakitembea, wakirushiana mpira au hata soksi iliyokunjwa. Anayekaa peke yake na karatasi atayajua maneno yake na kukosa ya mwenzake, halafu jukwaani atakuwa anangoja zamu badala ya kusikiliza.

Hatua ya 8: Fungua mlango mazoezini

Mwaka 1977, huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wakulima na wafanyakazi walijenga jukwaa la wazi na kufanya mchezo kwa Kikuyu, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yalikuwa hadharani. Wazee waliokuwa wakitazama walisahihisha lugha, wakasema mtu wa namna fulani hatembei hivyo, wakaongeza waliyoyajua. Serikali iliuzima mchezo huo mwaka uleule, na kabla ya Desemba kwisha Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Watu hukumbuka hilo la kizuizi, na ni sawa walikumbuke. Mimi kama mtu wa mazoezi hukumbuka pia wale wazee.

Basi kuanzia wiki ya nane, alika watu wachache kila Jumamosi: fundi viatu, mama wa chai, mwalimu mstaafu. Waambie waseme mambo mawili: palipowashika, na palipo na uongo. Fundi wetu wa viatu alisema, "Huyo kijana anashika nyundo kama kijiko." Alimfundisha dakika ishirini. Vijana hupokea maneno kama hayo kwa urahisi zaidi kuliko yangu, na wanajifunza kwamba kukosolewa hakuui.

Ukipata nafasi, wapeleke pia kutazama. Jumba la Taifa la Maonyesho liko Barabara ya Harry Thuku, mkabala na hoteli ya Norfolk. Kutoka katikati ya jiji ni mwendo wa miguu, unapita kando ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Lilifunguliwa mwaka 1952, zama za ukoloni, na mwambie kila anayeingia ajue hivyo kabla ya kukaa. Wape kazi moja: kila mmoja achague mwigizaji asiye na maneno wakati huo, na amtazame yeye tu. Njiani kurudi watakueleza nani alikuwa anasikiliza na nani alikuwa anafikiria chakula.

Hatua ya 9: Pesa na karatasi

Kwa ufupi. Kama mtaendelea zaidi ya msimu mmoja, sajilini kikundi kwa ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yenu. Kuna Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022. Mtahitaji katiba, kumbukumbu za mkutano na nakala za vitambulisho, kwa hiyo maafisa wawe watu wazima. Fedha zisikae kwenye simu ya mtu mmoja, hata kama mtu huyo ni wewe na unajiamini sana. Acha vijana wawili washike hesabu za chai, wazisome mbele ya wote kila mwezi. Mara ya kwanza zitakosa kulingana. Wazirudie.

Maleba: azima. Leso, koti la babu, sare ya zamani. Mnapotaka kuonyesha uwanjani, mweleze chifu na wazee wa nyumba kumi mapema, kwa barua na kwa mdomo.

Hatua ya 10: Onyesho, halafu onyesho la pili

Weka onyesho wakati wa likizo ya Agosti, si muhula wa tatu, ambamo wa mitihani hawana nafasi ya kupumua. Saa tisa alasiri, kiingilio kidogo au bure.

Mkimaliza, msiiname mkaondoka. Kuna njia iliyoanzishwa na mwongozaji wa maigizo Augusto Boal wa Brazil, nayo inafaa mitaa yetu kama kiatu kilichopimwa: mnaigiza tena tukio moja lenye dhuluma, na mtazamaji yeyote anaweza kupiga makofi, tukio likasimama, akapanda kuchukua nafasi ya anayedhulumiwa na kujaribu njia nyingine. Si kusema akiwa kitini. Apande. Kanuni ni kwamba hawezi kumbadilisha mdhulumu ghafla awe malaika, na hakuna miujiza ya kushinda bahati nasibu.

Tuliweka tukio la shangazi anayemtoa mpwawe shuleni ili amsaidie saluni. Kijana wa kwanza alipanda akamfokea shangazi. Shangazi akamfukuza nyumbani, watu wakapiga makofi kwa shangazi. Wa pili akalia. Shangazi akampa leso na ufagio. Kisha akapanda mama mmoja wa makamo, akavua kandambili, akakaa chini miguuni pa shangazi.

"Shangazi, saluni ikifungwa saa tatu usiku, mimi nitafika saa ngapi asubuhi?"

"Saa mbili."

"Na wateja wanaanza kuja saa ngapi?"

Msichana aliyemwigiza shangazi hakuwa na mstari wowote wa kujibu hilo kwenye mswada. Nilimwona anavuta pumzi, anamtazama yule mama usoni, anangoja. "Wengi... jioni," akasema. "Jioni na Jumamosi." Na kutoka hapo wakaanza kupatana, senti kwa senti, masomo asubuhi na saluni jioni, huku ukumbi mzima ukiwaongezea hoja. Zile wiki nne za kuhesabu hadi ishirini zilikuwa ndani ya pumzi ile moja.

Mjadala uongozwe na kijana, si wewe. Kaa nyuma, karibu na mlango, ufanye kazi ya kuangalia nani anatoka akilia ili umfuate.

Hatua ya 11: Jumamosi inayofuata

Leso zirudi kwa wenyewe zikiwa zimefuliwa, na koti la babu lirudi na kila kitu kilichokuwa mfukoni. Saa nane fungua ukumbi kama kawaida. Baadhi yao hawatakuja. Baada ya makofi, nyumbani huwa kimya sana na wengine huona aibu kusema wamekukosa. Wapigie kabla ya saa kumi, mmoja mmoja, na usiwaulize walikuwa wapi. Waambie mko kumi na wawili na mchezo wa karata unahitaji watu zaidi.